"Si" ya Mswahili na Mizani ya Wageni

Neno si lina herufi mbili tu, lakini watesi wake ni wengi. Wako walimu wa lugha wasemao kwamba kazi yake katika Kiswahili ni moja, yaani kukanusha, na kwamba kila matumizi mengine ni uchafu wa mitaani uliozaliwa Temeke na Kinondoni. Mama wa Tandika akimwambia mwanawe, "Si nilikukataza kucheza barabarani?" husemwa kuwa amekanusha jambo alilotaka kulithibitisha. Mwenyeji wa Tandale akimwambia mgeni aliyesimama mlangoni, "Si uingie!" husemwa kuwa amemfukuza. Ajabu ni kwamba mtoto anajua alikatazwa, na mgeni huingia.

Walimu hao hao wakifungua vitabu vya Ulaya hawana neno. Katika Kifaransa si ni "kama" ya sharti. Tena ni "mno" ya kuzidisha sifa. Tena ni jibu la kumpinga aliyeuliza kwa kukanusha. Mfaransa aliyekwisha kula, akiulizwa, "Hujala?" hasemi oui, husema si. Mhispania na Mwitaliano hukubali kwa neno hilo hilo, ila hulitia alama juu, Mhispania asije akalichanganya na si yake ya sharti, wala Mwitaliano na si yake ya kujitendea. Katika Kinorwe ni kitenzi, nacho ni "kusema". Dante, mwanzoni mwa karne ya 14, alizipambanua lugha za jamaa ya Kilatini kwa maneno yao ya kukubali, na ile ya Waitaliano akaitambua kwa sì.

Hayo yote huitwa utajiri. Utajiri huo ukionekana Mbagala hugeuka umaskini. Kwa sheria gani?

Si ya mama wa Tandika haikutoka nje ya sarufi. Asemaye, "Si nilikukataza?" ni kama asemaye, "Je, si kweli kwamba nilikukataza?" Kukanusha kumo, lakini kumeangukia shaka, hakukuangukia tendo. Ndivyo asemavyo mtu amwonaye rafiki yake kwa mbali: "Yule si Juma?" Naye aulizwaye hali akijibu, "Si haba," hakuna amhesabuye kuwa analalamika.

Lau ubishi huu ungekuwa wa darasani tu, ungeachwa huko. Lakini mizani ile ile ya kigeni hutumiwa kupimia ndugu yake si, yaani ndiyo, na hapo watu huumia. Mswahili akiulizwa, "Hukuwapo siku ile?" naye hakuwapo, hujibu, "Ndiyo," maana anayakubali maneno ya aliyeuliza. Mwingereza katika hali hiyo husema no. Kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, kumbukumbu nyingi za mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza, hata pale shahidi aliposema Kiswahili. Ndiyo hiyo ikiandikwa yes, mtu huwekwa mahali asipopata kukanyaga, na aliyemweka hapo ni kalamu.

Zahanatini mambo ni yayo hayo. "Hujanywa dawa leo?" "Ndiyo." Mganga aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza huandika kuwa dawa imenywewa. Wala si haki kumlaumu mgonjwa kwamba hakujibu sawasawa. Amejibu kwa sheria ya lugha yake, na lugha yake ndiyo aliyoulizwa nayo. Ni kweli kwamba siku hizi vijana waliosomea Kiingereza hujibu kwa namna ya Kiingereza ndani ya Kiswahili, hata nyumba moja huwa na ndiyo mbili. Hilo lazidisha hatari.

Mkalimani aliye makini hairuki ndiyo ya namna hiyo. Hurudi akauliza, "Ulikuwapo au hukuwapo?" kisha huandika jibu zima. Ustadi huo haufundishwi na walimu wanaohesabu makosa ya Temeke.