"Soma Chochote, Mradi Digrii"

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, sentensi moja huanza kuzunguka sebuleni, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: "Soma chochote, mradi digrii." Wanaoisema wana nia njema. Ni shangazi, ni mwalimu mstaafu, ni jirani ambaye binti yake yuko ofisini. Lakini sioni ushauri ulio ghali kuliko huo, maana anayeutoa siye anayeulipia.

Nichukue kozi ninayoijua kwa kuwa niliisoma mwenyewe: sera za umma na utawala. Wengi wetu tulitoka tahasusi za HGL na HKL, na hatukuichagua kozi hiyo, tuliiangukia. Sheria ilikuwa imejaa, uchumi ulidai hesabu, basi tukajaza hii nafasi ya tatu ili fomu isirudi na pengo. Mwaka wa pili tukafundishwa kupima miradi: gharama upande huu, manufaa upande ule, muda katikati. Tulipima barabara, tukapima visima, tukapima bima ya afya. Digrii tuliyoikalia darasani hatukuipima hata siku moja.

Tuipime leo.

Watetezi wa "mradi digrii" wana ngao moja kubwa: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hauna riba, na usipokuwa na mshahara hakuna wa kukukata. Ni kweli kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na waliokuwa wakilipa bila deni kupungua wakapumua. Ila kitu kisicho na riba si lazima kiwe hakina bei.

Piga hesabu ya mfano. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za mwaka wa masomo, hiyo ni milioni 2.4. Weka ada milioni moja na vitabu laki mbili: milioni 3.6 kwa mwaka, milioni 10.8 kwa miaka mitatu. Sasa mhitimu ameajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato inabeba 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Mkononi zinabaki 548,000, kabla ya chama cha wafanyakazi, kodi ya nyumba na mama kijijini.

Kwa 120,000 kila mwezi, deni la milioni 10.8 linaisha baada ya miezi 90. Ni miaka saba na nusu. Mshahara ukipanda muda utapungua, lakini aliyeanza kazi ana miaka 26 anaweza kuwa bado analipia chipsi mayai za mwaka wa kwanza wakati mwanawe anaingia chekechea. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Hapo wengine watadhani nawatisha watu wasikope. La hasha. Katika hesabu hii deni ndilo fungu dogo.

Ile miezi 90 inaanza kuhesabiwa siku ya mshahara wa kwanza. Kabla ya siku hiyo kuna Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini, kuna usaili wa mchujo, kuna nauli ya Dodoma, kuna mahojiano, na kuna kule kufaulu halafu ukaambiwa uko kwenye kanzidata, usubiri nafasi ipatikane. Mwalimu na muuguzi nao wanasubiri siku hizi, sikatai. Lakini tangazo la muuguzi likitoka, wanaojitokeza ni wauguzi. Mhitimu wa sera hana mlango wenye jina lake. Nafasi ya Mtendaji wa Kata au Afisa Tarafa anaigombania na aliyesoma sheria, sosholojia na maendeleo ya jamii. Akigeukia mashirika yasiyo ya kiserikali, anakuta mengi yamepunguza watu tangu Marekani ilipolifumua shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025.

Mwaka mmoja wa kusubiri, kwa zile 548,000 za kila mwezi, ni milioni 6.576 ambazo hazikuingia mfukoni. Miaka miwili inapita milioni 13. Yaani miaka miwili ya kusubiri inagharimu kuliko mkopo mzima wa miaka mitatu, na gharama hiyo haiandikwi popote. Bodi haiiweki kwenye taarifa yake, chuo hakiitaji, na shangazi wa "mradi digrii" haioni kwa kuwa kijana yuko nyumbani, anakula, na ana picha ya joho ukutani.

Najua jibu litakalokuja: elimu haipimwi kwa mshahara. Mara nyingi husemwa na mtu mwenye mshahara. Hata hivyo nakubali nusu yake. Nchi inahitaji watu wa kuisoma bajeti ya halmashauri na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kisha wawaeleze madiwani kwa nini zahanati imeishia kwenye lenta. Kazi hiyo ina heshima na ina umuhimu. Tatizo ni kwamba huo ni ufundi, na ufundi hauingii kwa mtu aliyefuata cheti. Aliyekuja kwa "mradi digrii" hukimbia takwimu, hunakili ripoti ya fildi ya mwenzake, na hutoka na kile alichokifuata. Mwenzake aliyejifunza kuchambua takwimu na kuandika ukurasa mmoja ambao mkurugenzi ataumaliza hasubiri kwa muda uleule, ingawa vyeti vyao vinafanana hadi mhuri.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Mwaka 2016 sheria ya mikopo ilirekebishwa, na makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Waliokuwa wamekopa zamani nao wakaguswa. Wenzangu walikaa darasani miaka mitatu wakisoma jinsi sera zinavyotungwa, na sera iliyowapiga kuliko zote wakaja kuisoma kwenye salari slipu.

Kwa hiyo mzazi, kabla kijana hajajaza nafasi ya tatu kwenye fomu, mpe karatasi na kalamu. Aandike ada, aandike mkopo, aandike mshahara wa kuanzia badala ya ule wa katibu mkuu. Kisha akiulize chuo: waliomaliza kozi hii miaka mitatu iliyopita wako wapi, na walikaa miezi mingapi bila kazi? Chuo kikibabaika, ashike hilo kama jibu.

Akishamaliza kuandika na bado anaitaka sera, mwache aende, na mkopo auchukue bila hofu. Ila akiikwepa karatasi hiyo, usimpeleke huko. Mtu asiyetaka kupiga hesabu ya maisha yake mwenyewe, kesho tutamkabidhi ya kata nzima?