Seva ni zako, leseni si zako

Kwa mafundi wanaoendesha wingu binafsi, funguo za leseni huwa jambo la siku ya usakinishaji tu. Nasikia madai yaleyale kila mara, nami naona yanaziacha ofisi zao hatarini.

"Ufunguo ukishaingizwa, kazi imekwisha." Dai hili ndilo lenye madhara makubwa, maana huonekana kweli kwa muda mrefu. Chukua vSphere ya VMware. Leseni ya ESXi, programu yake inayoendesha mashine pepe kwenye seva, ikiisha, au zile siku 60 za majaribio zikipita, seva hutengana na vCenter inayozisimamia, lakini mashine pepe ambazo tayari zinafanya kazi huendelea. Watumiaji hawaoni tofauti yoyote, na fundi asiyefungua vCenter mara kwa mara haoni pia. Kisha umeme unakatika, betri za akiba zinaisha, seva zinazima. Umeme unaporudi, mashine zilizozimika hazikubali kuwashwa. Mfumo wa mishahara umelala, na anayejua pa kupata leseni mpya yuko likizo. Ndiyo maana nasisitiza kila leseni iandikiwe tarehe ya kuisha na msimamizi wake, naye awe mtu mwenye jina, si idara.

"Mitambo imo ndani ya jengo letu, nani atatuhesabu?" Muuzaji. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza kukomesha uuzaji wa leseni za kudumu. Sasa hulipiwa usajili kwa viini vya prosesa, visivyopungua 16 kwa kila prosesa. Seva yenye prosesa mbili za viini 8 italipiwa viini 32, ingawa inavyo 16 tu. Kuanzia toleo la 9 la VMware Cloud Foundation, ufunguo wa herufi 25 umeipisha faili ya leseni, na matumizi lazima yaripotiwe angalau kila siku 180, hata kwa mitambo isiyounganishwa na intaneti.

"Tuweke ufunguo mmoja kwenye kiolezo, mashine zote ziurithi." Ufunguo upi? Kwa Windows, ule ambao Microsoft imeutangaza hadharani kwa wateja wa KMS, yaani uamilishaji kupitia seva yenu wenyewe, hauna ubaya kukaa humo, kwani bila seva ya KMS hauamilishi chochote. Ule wa MAK, unaoamilisha moja kwa moja kwa Microsoft, ni wa siri na una kikomo cha uamilishaji. Kila mashine unayoiamilisha na baadaye kuifuta imekwisha kula sehemu yake. Na seva ya KMS haianzi kuamilisha Windows Server mpaka iombwe na mashine 5. Wingu dogo lenye mashine tatu litasubiri bure.

"Tuhamie programu huria, habari ya leseni iishe." OpenStack haidai ufunguo, na ni njia ninayoipenda. Lakini Windows Server iliyomo ndani yake bado inadai leseni yake, kwa kawaida kwa hesabu ya viini vya seva halisi iliyo chini.