Wanayosema Kericho Kuhusu Kipa

Katika viwanja vya mashamba ya chai, kuanzia Kericho hadi Litein na kuingia Bomet mpaka Mogogosiek, kuna maneno kuhusu kipa ambayo kila kizazi cha mashabiki hurithi. Walimu wa michezo huyasema, wazee waliokaa kwenye nyasi huyakazia, na watoto huyameza bila kutafuna. Nayajibu hapa, na shahidi wangu mkuu ni Mmarekani mmoja, Nick Rimando, ambaye wengi huku hawajapata kumsikia.

Wanasema kipa sharti awe mrefu. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, kwa hiyo hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini Rimando, aliyezaliwa California mwaka 1979, ana kimo cha kama mita 1.75. Mpange foleni na wachuma chai wanaosubiri mizani na hutamtambua. Kwa kimo hicho alidaka mechi 514 za ligi kuu ya Marekani, MLS, na katika 154 hakufungwa hata bao moja. Alipostaafu mwaka 2019 hakuna kipa wa ligi hiyo aliyekuwa amefikia idadi hizo. Fainali ya mwaka 2009 timu yake, Real Salt Lake, ilitoka sare ya 1-1 na LA Galaxy ya David Beckham na Landon Donovan. Ikaja mikwaju ya penalti. Rimando akapangua miwili, kombe likaenda Salt Lake, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Kipa mfupi huokolewa na miguu na macho. Akiganda kwenye mstari, mshambuliaji anaona goli lote. Akisogea mbele kwa wakati ufaao, lango linapungua. Akichelewa kidogo tu, mpira unapitishwa juu ya kichwa chake. Kwa hiyo hana budi kusoma mchezo kabla haujamfikia. Sisemi urefu hauna faida. Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil, Rimando alikuwa kikosini lakini hakucheza hata dakika moja, kwa sababu mbele yake alikuwapo Tim Howard, jitu la mita 1.91, aliyeokoa mikwaju 16 siku ile Marekani ilipotolewa na Ubelgiji. Faida ni kitu kimoja, sharti ni kingine.

La ajabu ni kwamba watu wale wale wanaotaka kipa mrefu ndio wanaosema golini huwekwa asiyejua mpira. Nenda shule yoyote ya msingi uone timu inavyopangwa: wenye mbio wanachukua mbele, wenye nguvu wanakaa nyuma, na yule mnyonge aliyebaki, ambaye hata hakutaka kucheza, anasukumwa katikati ya milingoti miwili ya mkaratusi. Hapewi glavu. Hafundishwi kuanguka. Akifungwa, anachekwa, na kocha anatikisa kichwa kana kwamba ametendewa yeye ubaya.

Desturi hii ilipitwa na wakati mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka kwa mikono pasi aliyorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Tangu siku hiyo kipa ni mchezaji wa kumi na moja kwa maana kamili. Akishindwa kupiga pasi chini ya shinikizo, timu nzima inakwama. Huyo Howard, alipokuwa sekondari New Jersey, alicheza kiungo na pia mpira wa kikapu. Kipa mwenzake Brad Friedel naye alikuwa hodari wa kikapu huko Ohio. Wamarekani walitoa makipa kwenye orodha ya wanamichezo wao bora, si kwenye mabaki.

Hapo ndipo linapoanguka dai la tatu, kwamba sisi ni watu wa mbio na soka si yetu. Ni kweli medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut wa Kericho. Lakini Wamarekani nao waliambiwa soka si yao. Mchezo wao wa mikono ndio uliowapa makipa, na huku kwetu voliboli inachezwa karibu kila shule. Kijana anayeruka kwenye wavu na kuzuia mpira kwa viganja viwili ameshajifunza nusu ya kazi. Mpeni nusu iliyobaki.

Dai la nne ni baya zaidi: bao la kizembe likiingia, kipa ameuza mechi. Najua lilikotiwa nguvu. Zoo ya Kericho ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, mji ukafurahi, kisha mwaka 2021 FIFA ikaitoa kwenye ligi na kuishusha daraja kwa kesi ya kupanga matokeo. Jeraha hilo halijapona, na mashabiki wana haki ya kuuliza maswali. Ila kesi kama hiyo huamuliwa kwa ushahidi, si kwa mpira uliomponyoka mtu mkononi.

Angalieni mazingira yenyewe. Alasiri mvua inanyesha, mbele ya goli nyasi zimekwisha na pamebaki beseni la tope. Shuti la chini likidunda kwenye maji hatua moja mbele ya kipa, halipandi, linateleza na kumfikia kwa kasi. Tena tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unawahi kufika. Dawa yake inafundishika: goti moja chini, kifua nyuma ya mikono, ili kiganja kikikosa mwili uzuie. Nani amemfundisha huyo mnayemwita mwizi?

Mwisho wanasema kipa hana maisha. Friedel alicheza mechi 310 mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza, na mfululizo huo ulikatika akiwa na miaka 41. Denis Onyango wa Uganda alitawazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani mwaka 2016, akiwa na miaka 31, umri ambao mawinga wengi wanaanza kuhesabu siku. James Siang'a alilinda lango la Kenya, kisha akawa kocha, na mwaka 2003 akiwa na Simba ya Dar es Salaam aliwang'oa Zamalek, mabingwa wa Afrika. Mishahara ya ligi yetu ni midogo, hilo silibishi, lakini ni midogo kwa mshambuliaji pia.

Walimu wa michezo wa Kericho na Bomet, muhula ujao mkichagua timu, anzeni na kipa. Mchukueni kwenye uwanja wa voliboli, mnunulieni glavu, na mtengeeni nusu saa yake ya mazoezi kila wiki.