Gusii Stadium: Jina Haliuzwi!

Jamani, kuna wazo linalofufuka kila kaunti zetu zinapolia ukata: tuuze jina la uwanja kwa kampuni. Mimi napinga, na napinga kama mtu anayekula kwa kuandika programu.

Kwenye hifadhidata, kitambulisho cha kitu hakiguswi. Bei itabadilika, mwenye mali atabadilika, lakini kitambulisho kinabaki, maana rekodi nyingine zote zinakitegemea. Jina la mahali ni vivyo hivyo. Dereva wa ambulensi analitegemea, makanga, ramani ya simu, hata mama wa ndizi pale getini.

Kasarani tuliona. Uwanja uliofunguliwa 1987 kwa Michezo ya Afrika ulipewa jina la Safaricom mwaka 2013, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa shilingi milioni 55. Leo ni Moi International Sports Centre tena. Makanga wa Thika Road hawakuhangaika: Kasarani kabla, Kasarani baada.

Na hiyo ni kampuni imara! Miami walimpa FTX uwanja wao wa mpira wa kikapu mwaka 2021, kwa mkataba wa miaka 19. Novemba 2022 FTX ikafilisika, na Januari 2023 jina likaondolewa. Houston walishapata aibu hiyo hiyo na Enron mwaka 2002, lakini nani anasoma kumbukumbu za makosa?

Mtaniambia: "Mbona Shabana yenyewe ni jina la duka la hadwea?" Kweli kabisa. Lakini lile duka lilizaa timu yake, halikununua kitu kilichojengwa kwa kodi. Na Tore Bobe waliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17, walirudi na jina lile lile waliloshuka nalo.

Halafu Gusii si kaunti. Ni jina la watu wa Kisii na Nyamira pamoja, lilikuwapo kabla ya kaunti kuzaliwa mwaka 2013. Ofisi moja mjini Kisii itauzaje jina ambalo mtu wa Manga naye ni lake?

Pesa inatakiwa, sibishi. Uzeni mabango, jezi, tiketi, hata Wi-Fi ya jukwaani. Tangazo likiisha muda unalibandua tu. Na anayeng'ang'ania kuuza jina aanike mkataba mzima kwanza: bei, miaka, na nani atalipia vibao vipya siku kampuni ikiondoka.