Pua ya Penelope na Macho ya Mama

Ukipata nafasi jioni moja, keti na wanao mtazame filamu iitwayo Penelope. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2006 huko Toronto, Kanada, na mwigizaji mkuu ni Christina Ricci. Ni hekaya ya mjini, yenye mchawi, laana na posa.

Penelope ni binti wa tajiri aliyezaliwa na pua ya nguruwe. Mmoja wa mababu zake alimpa mimba mtumishi wa nyumbani, kisha akamwacha. Msichana akajiua, naye mamake, aliyekuwa mchawi, akaulaani ukoo ule. Laana ingetoka tu siku ambayo mtu wa jinsi yake binti huyo angemkubali kuwa wake.

Wazazi wakafasiri kwamba anatakiwa bwana wa ukoo bora. Mama akatangaza kwamba mtoto amefariki, akamfungia nyumbani miaka na mikaka, akawa anamkumbusha kuwa pua ile si yake bali ni ya babu. Wachumba walipoletwa, wengi waliomwona walitimua mbio, wengine kupitia dirishani!

Basi siku ya harusi ikafika. Bwana arusi yupo, wageni wapo, lakini Penelope akakataa. Mama alipomsihi arudi, binti akajibu kwamba anajipenda vile alivyo. Papo hapo laana ikatoka.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo pana funzo. Mtu wa jinsi yake alikuwa Penelope mwenyewe. Lakini je, mama naye hakuwa wa jinsi yake? Mama huyu hakumchukia mwanawe. Alimficha kwa kumpenda, asije akachekwa. Hata hivyo, mtoto anayefichwa hujifunza kwamba ana la kuonea aibu. Vivyo hivyo tunapomwambia binti, kwa nia njema kabisa, kwamba akipungua mwili au aking'aa ngozi ndipo atapendeza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Filamu hii nayo ina kasoro: mwishowe inamtunuku Penelope pua nzuri, kana kwamba kujikubali ni dawa ya urembo. Kwa hiyo ikiisha, usikimbilie kuzima televisheni. Waulize wanao: kama pua ile ingebaki vile vile, je, Penelope angekuwa amepoteza nini? Kisha nyamaza, uwasikilize.