Saa Haipigi Hodi

Wenzangu tunaokimbia na saa za GPS tuna uongo mmoja tunaoupenda: kwamba sasa tunaweza kwenda popote bila kumsumbua mtu. Nami niliuamini, hadi asubuhi moja nilipotoka Mkoani mjini kuelekea Wambaa kwa njia za ndani, nikifuata mstari niliouchora usiku kitandani.

Mstari ulinipitisha kwenye kingo za bonde la mpunga, ukanikatisha uani kwa watu walikoanika karafuu, kisha ukaniteremsha kwenye mikoko. Maji yalikuwa yanajaa. Kwa mujibu wa saa, nilikuwa njiani sawasawa. Bibi niliyempita pale uani bila salamu ndiye aliyenipigia ukelele: "Mwanangu, wenda wapi na bamvua hii? Si ungeuliza!"

Satelaiti 4, zilizo kilomita 20,000 hivi angani, zinatosha kumwambia mtu alipo. Ila hazijui maji ya leo, wala yule bibi aliamkaje.

Msiniambie saa ni chombo tu. Chombo kinachotuzoesha kupita kwa watu kimya kimeshatubadilisha adabu. Sijaivua; gizani inafaa. Lakini tuache kuhesabu kuuliza njia kuwa ni ushamba. Kule shamba, kuuliza ndiko kuomba ruhusa ya kupita, na jibu huja na habari za maji. Siku hizi salamu hunichelewesha dakika 20, na saa huziandika kuwa nimesimama bure.