Mashauri kwa Jamaa: Viti Saba, Nafasi ya Nani?



Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo lafaa pia kwa motokari. Watu wakiiona motokari ndefu, yenye rangi ya kung'aa na vioo vyeusi, huisifu kwa mbali. Ni wachache wafunguao mlango na kuuliza: Nani atakaa wapi? Juma hili tutazame jambo hilo, yaani viti na nafasi katika motokari ya fahari ya jamaa, ile yenye viti 7.

Kwanza tujue asili yake. Shauri la kuwapakia watu wengi katika gari fupi si jipya. Mwaka 1956 kiwanda cha Fiat, katika Italia, kilitoa gari liitwalo 600 Multipla. Urefu wake ulikuwa mita 3 na nusu tu, nalo liliweza kuchukua watu 6, kwa sababu mashine iliwekwa nyuma na dereva alikaa mbele kabisa, juu ya magurudumu. Novemba 1983, huko Windsor katika Kanada, kiwanda cha Chrysler kilianza kuunda motokari za jamaa ziitwazo Dodge Caravan na Plymouth Voyager, zenye viti 5, au 7 kwa yule atakaye. Mwaka uliofuata, 1984, Wafaransa wakatoa Renault Espace, ambayo viti vyake vya nyuma viliweza kutolewa kimoja kimoja.

Nafasi hiyo ilipatikana kwa njia gani? Katika motokari nyingi za zamani mashine ilikaa mbele, nayo ilizungusha magurudumu ya nyuma kwa mti mrefu wa chuma uliopita chini ya sakafu. Kwa ajili ya mti huo sakafu ilipaswa kuinuliwa. Mafundi wa Chrysler na wa Renault waliyapa magurudumu ya mbele kazi ya kuvuta, na mti ule haukuhitajiwa tena. Sakafu ikawa ya chini na tambarare, mtoto akaweza kupanda mwenyewe, na motokari ikaingia bado katika banda la kawaida la nyumbani. Basi, asili yake ilikuwa haja ya wazazi wenye watoto. Fahari ilikuja baadaye.

Sasa tutwae mfano mmoja ujulikanao sana: Toyota Alphard, iliyotokea Ujapani mwaka 2002, na ambayo umbo lake la nne lilianza kuuzwa mwaka 2023. Jina lake ni la nyota, na maana yake katika Kiarabu ni «mpweke». Jina la ajabu kwa motokari ya watu 7! Umbo hilo la nne lina urefu wa mita 5 kasoro nusu sentimeta, na uzito wake wapita tani 2. Ndani, toka mbele ya dereva hata mgongo wa kiti cha mwisho, ni kama mita 3. Upana wa ndani ni mita 1 na sentimeta 66. Viti vimepangwa hivi: 2 mbele, 2 katikati, 3 nyuma.

Enyi wanafunzi, chukueni chaki, mchore sakafuni mstatili wa mita 3 kwa mita 1 na sentimeta 66. Mtaona kwamba ni kama mita 5 za mraba tu. Pangeni humo viti 7, mkakae. Mtafahamu upesi ambavyo maneno mengi hayawezi kuwafahamisha: nafasi haiongezeki kwa sifa. Kile apewacho mmoja kimetoka kwa mwingine.

Fahari yote ya motokari ile imewekwa katika viti viwili vya katikati. Ni vipana, vina mategemeo ya mikono pande zote mbili, vyateleza juu ya reli mbele na nyuma, na vina kibao laini kiinukacho ili kushika miguu. Mtu aweza kujinyoosha karibu kama kitandani. Lakini ikiwa mita zile 3 zagawanywa sawasawa, kila safu yapata mita 1. Mkubwa wa katikati akirudisha kiti chake nyuma na kuinua miguu, sentimeta zile azipatazo huondoka katika magoti ya watatu walioko nyuma. Na hao watatu ni nani? Mara nyingi ni watoto, na shangazi aliyeombewa nafasi.

Tena, tazameni mahali pa mizigo. Viti vya safu ya tatu vikiwa na watu, nyuma yake hubaki nafasi nyembamba. Viti hivyo vyaweza kukunjwa na kuinuliwa kando, kushoto na kuume, na hapo masanduku mengi huingia. Lakini kiti kilichokunjwa hakimchukui mtu. Motokari hii, basi, ni ya watu 7 wenye mizigo michache, au ya watu 4 wenye mizigo mingi. Anayetumaini kuvipata vyote viwili katika safari moja ajidanganya.

Kuna motokari nyingine, ndugu ya hiyo, iitwayo Lexus LM. Ile ya mwaka 2023 ina mita 3 zile zile toka magurudumu ya mbele hata ya nyuma. Hata hivyo yauzwa pia kwa viti 4 tu: viwili mbele, viwili nyuma, na kati yao ukuta wenye kioo cha picha cha inchi 48. Je, mwenye kulipa fedha nyingi zaidi amenunua nini? Amenunua nafasi ya watu 3 wasiokuwamo. Hapo twaona fahari ni kitu gani hasa: ni mahali patupu. Mtu ana ruhusa ya kupanunua kwa fedha yake. Lakini baba mwenye jamaa asichanganye mambo mawili. Motokari iliyosifiwa kwa raha ya mmoja haikupimwa kwa raha ya saba.

Yafaa basi kupanga viti kwa haki na kwa akili. Nyanya na babu, ambao magoti yao hayakunjiki vema, wakae katikati karibu na mlango, kwa maana kufika nyuma hutaka kuinama na kupenya. Mtoto mchanga naye akae katikati, katika kiti chake mwenyewe kilichofungwa imara na kutazama nyuma, mahali ambapo mama amfikia bila shida. Safu ya tatu ni ya vijana wepesi wa kupanda. Nao wasisahauliwe: katika safari ndefu, kila mnaposimama, wabadilishane nafasi, na wa katikati wasogeze viti mbele kidogo. Mkubwa hapungukiwi heshima kwa sentimeta 10.

Na hapa lipo jambo lipitalo raha. Viti 7 maana yake ni mishipi 7, na mishipi 7 maana yake ni watu 7. Mshipi wa nukta tatu, upitao begani na kiunoni, ulitengenezwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, fundi wa Volvo katika Sweden. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba kufunga mshipi kwaweza kupunguza hatari ya kufa hata nusu nzima. Sheria ya Ujapani huhesabu watoto 3 walio chini ya miaka 12 kama watu wazima 2. Lakini mshipi mmoja haugawanyiki kati ya watoto wawili.

Wengine husema: «Huyu mdogo nitampakata.» Tupige hesabu. Motokari yaenda kilometa 50 kwa saa, yagonga, yasimama katika sehemu ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 avutwa mbele kwa nguvu kama ya kilo 140. Mama gani aweza kushika gunia la kilo 140 kwa mikono miwili? Upendo wake ni mkubwa, lakini mikono yake haitoshi. Kiti cha mtoto ndicho mikono imtoshayo.

Uzito pia una hesabu yake. Huko Ujapani, wakipima uzito wote wa motokari iliyojaa, huhesabu kilo 55 kwa kila mtu. Watu 7 ni kilo 385. Watu wazima 7 wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 525. Zimezidi kilo 140, na mizigo haijapakiwa bado. Ukiongeza magunia ya unga na mtu wa nane, breki na magurudumu ndiyo yatakayolipa deni hilo, mahali penye mteremko.

Neno la mwisho kwa yule akusudiaye kununua. Motokari nyingi za Ujapani zilizokwisha tumika zafika kwetu na usukani kuume, wakati katika Kongo twapita upande wa kuume wa njia. Dereva hukaa upande wa ukingo, na kuipita gari iliyo mbele humtaka uangalifu mkubwa. Watoto nao washuke daima kwa mlango wa upande wa ukingo, si wa upande wa magari yapitayo.

Kisha, usinunue peke yako. Leta jamaa yote, wakae wote 7, wafunge mishipi yote. Viti vya katikati viwekwe kama vitakavyokuwa safarini. Pakia masanduku mawili. Halafu wewe, baba mwenye fedha, ushuke, uende nyuma, ukae safu ya tatu kwa robo saa. Magoti yako yatakuambia ukweli ambao mwenye kuuza hatausema. Na ikiwa jamaa yako ni ya watu 9, shukuru kwa wingi wao, ukatafute gari lenye viti 9, hata kama halina kibao cha miguu. Watu wako wasipunguzwe ili watoshe katika motokari. Motokari ndiyo ipaswayo kuwatosha.